Mbinu ya Montessori na Nafasi ya Kiswahili katika Malezi ya Mtoto: Mfano wa Kindu, Maniema

Utangulizi

Mbinu ya malezi iliyoasisiwa na daktari Mtaliano Maria Montessori (1870–1952) hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni suala la samani na vifaa: meza ndogo, rafu fupi, shanga na vibao vya bei kubwa. Kwa mtazamo huo, mji kama Kindu, makao makuu ya Mkoa wa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hauna nafasi katika mjadala. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kiini cha mbinu hiyo kiko kwingine, na kwamba nyenzo yake ya kwanza, yaani lugha anayoielewa mtoto, ipo tayari Kindu. Nyenzo hiyo ni Kiswahili.

Misingi ya mbinu

Tarehe 6 Januari 1907 Montessori alifungua nyumba ya kulelea watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Rome, uliokaliwa na watu maskini. Alibaini kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa mkono kabla ya kujifunza kwa maelezo. Kwamba akipewa kazi inayomfaa huizingatia kwa muda mrefu bila kuahidiwa zawadi wala kutishiwa adhabu. Na kwamba kifaa kizuri humwonyesha mwenyewe kosa lake. Kipande kisichoingia katika tundu lake hakihitaji mwalimu wa kukemea. Hapo ndipo ilipo faida ya kihisia: kosa huwa jambo la kurekebishwa, si la kuonewa haya.

Kuhusu maisha ya pamoja, watoto wa miaka 3 hadi 6 huwekwa katika chumba kimoja. Mkubwa humwelekeza mdogo, na kwa kuwa kila kifaa ni kimoja tu, anayekitaka hungoja zamu yake. Malezi ya namna hii si mageni Maniema, ambako mtoto hujifunza kupeta mchele kwa kukaa karibu na anayepeta.

Faida hizi zimechunguzwa. Mwaka 2006 Angeline Lillard na Nicole Else-Quest walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wa mjini Milwaukee, Marekani. Walilinganisha watoto waliopata nafasi katika shule ya Montessori kwa kura na wale waliokosa, ili matokeo yasitokane tu na bidii ya wazazi. Wenye umri wa miaka 5 waliosoma huko waliwazidi wenzao katika kutambua herufi na maneno, katika hesabu, na katika kusuluhisha ugomvi kwa kutaja haki.

Kusoma, kuandika na kuhesabu

Katika mbinu hii mtoto hupapasa herufi ya msasa huku akitamka sauti yake, kisha hupanga maneno kwa herufi zisizofungwa, hata kabla ya kujua kusoma. Jambo hilo liliwezekana upesi Rome kwa sababu tahajia ya Kitaliano hufuata matamshi kwa karibu. Kiswahili kina sifa hiyohiyo. Mtoto wa mvuvi wa Lualaba anayezijua sauti za s, a, m, k na i anaweza kulipanga neno samaki peke yake. Akianzishiwa Kifaransa, hukutana na neno eau, yaani maji: herufi tatu zinazotamkwa o, wala hakuna hata moja iliyo o.

Katika hesabu, vijiti kumi hufungwa pamoja, na mtoto huongeza kimoja kimoja. Jina kumi na moja husema kile ambacho mkono umeshika, onze halisemi. Aidha, msemo makumi mbili, unaosikika sana Kongo ya Mashariki badala ya ishirini, huonyesha wazi mafungu mawili ya kumi.

Swali la lugha sanifu

Hapa huzuka tatizo. Mtoto anayeandika anavyosikia hupanga mutoto badala ya mtoto, au zahabu badala ya dhahabu. Kumkatiza ni kumrudisha kwenye woga ambao mbinu nzima inauepuka. Lililo bora ni kuliacha neno lake, kisha baadaye kumpa kadi za kusoma zenye umbo sanifu, ayalinganishe mwenyewe. Hivyo lahaja huwa daraja la kufikia usanifu.

Sheria haipingi. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha hizo nafasi ya kufundishia.

Hitimisho

Vifaa navyo vinaweza kupatikana. Mchanga wa mtoni uliochekechwa na kugandishwa kwa gundi juu ya kibao hutosha kwa herufi. Wala wazo la kitu kinachobeba fikra si geni mkoani: Walega, ambao baadhi yao wanaishi Pangi, wana mutanga, kamba iliyotungikwa vitu vidogo, kila kimoja kikiwa na methali yake.

Kwa hiyo, hapana budi mwalimu wa watoto wadogo afundishwe kwanza kutazama na kungoja, na apewe idhini ya kufanya hivyo kwa Kiswahili. Ni kweli kwamba darasa lililofurika hulifanya jambo hili kuwa gumu, hasa tangu elimu ya msingi katika shule za umma ilipofanywa kuwa bure mwaka 2019. Hata hivyo, mtoto anayeanza shule kwa maneno asiyoyaelewa hujifunza mapema kunyamaza, na baadhi ya walionyamaza ndio huacha shule kabla ya kujua kusoma.