Ufa kwenye Pembe ya Dirisha

Pamba ikiuzwa vizuri, Bariadi husikika nyundo. Mmoja anang'oa vidirisha vya mbao aweke madirisha mapana ya aluminiamu, mwingine anaziba mlango wa uani apate chumba cha kupangisha. Fundi anapima kwa futi, anataja bei ya saruji na vioo, na mazungumzo yanaishia hapo. Swali la ukuta wenyewe unabeba nini halina wa kuliuliza.

Uzito wa paa na wa kozi za juu huteremka kwenda kwenye msingi. Ukikuta dirisha, hugawanyika na kushukia kwenye miimo ya kulia na kushoto, na kinachougawa ni lenta, boriti iliyolazwa juu ya uwazi. Chukua lenta iliyovuka dirisha la futi 4. Ukilipanua hadi futi 6, upana umeongezeka kwa nusu tu, lakini nguvu inayoipinda lenta hukua kwa mraba wa upana huo: imezidi mara mbili. Kubonyea kwake ni mara tano. Zege huvumilia kugandamizwa, kuvutwa haliwezi. Na upande unaovutwa ni wa chini, ndiyo maana nondo hulazwa chini. Kwenye nyumba za tofali mbichi lenta mara nyingi ni vipande vya miti vilivyokatwa kwa dirisha lile lile la zamani, na hakuna aliyeviarifu kwamba mwenye nyumba amebadili mawazo.

Kwa Mkoa wa Simiyu, iliko Bariadi, kuna jambo la pili, nalo liko chini ya miguu. Wakulima wa Kisukuma wanajua mteremko ulivyo: luseni yenye mchanga juu, mbuga nyeusi bondeni kwenye majaruba ya mpunga. Udongo wa mbuga hunyonya maji ukavimba, kiangazi husinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mji ukikua, nyumba hushuka bondeni. Msingi ukiinuka upande mmoja na kuzama mwingine, ukuta hupasukia mahali palipo dhaifu, na hapo ni kwenye pembe za madirisha na milango, kwa sababu mkazo uliokuwa umeenea ukutani hulazimika kupita kwenye kona kali. Ufa huanzia pale ukapanda kimshazari.

Basi kabla ya kupanua, soma ufa. Chora mistari miwili ya penseli kuuvuka, andika upana na tarehe, kisha pima tena mvua zikishakolea. Ukijifunga masika na kujifungua kiangazi, tatizo ni udongo, na dirisha kubwa litaongeza udhaifu. Ukiwa umetulia misimu yote, fundi anaweza kuanza, akitanguliza nguzo za muda chini ya mzigo.

Kuhusu hewa, niseme wazi: madirisha ya slaidi yanatuuzia uwazi nusu. Vioo viwili vikipishana, nusu ya dirisha imefungwa daima. Dirisha dogo la pili kwenye ukuta wa mkabala husaidia kuliko kulipanua la kwanza, maana hewa huingia vizuri inapokuwa na pa kutokea. Na kwa mji ulio karibu na Ikweta, dirisha la magharibi hupokea jua la saa kumi jioni mwaka mzima.

Mbu nao wana mlango wao: mwanya kati ya ukuta na paa. Utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kwenye nyumba zilizowekewa nyavu, watoto wenye upungufu wa damu, ambao malaria huuleta, walikuwa asilimia 12, na kwenye zisizo nazo asilimia 19. Anayebomoa ukuta tayari ana fundi na ngazi. Aweke nyavu siku hiyo hiyo.

Kuziba mlango huonekana kazi rahisi, lakini mota mpya husinyaa inapokauka, na ukuta wa zamani umekwisha kusinyaa miaka mingi. Tofali mpya zinapaswa kuingizwa kwa meno kwenye zile za pembeni. Kozi ya mwisho isibanwe siku hiyo: acha mwanya mwembamba chini ya lenta, subiri siku kadhaa, ndipo uupigilie mota kavu. Mafundi wengi hawapendi hivyo, kwa sababu malipo nayo husubiri.