Halipo Hapa: Utangulizi wa Kutafuta Majedwali ya Watumiaji

Kurasa hizi nimewaandikia vijana wa aina ninayokutana nayo Nyaramba na katika masoko mengine ya Nyamira. Wamejifunza kuandika programu kwa kutazama video kwenye simu, wakaunda mfumo mdogo wa hesabu za chama au za agroveti, na kwenye laptopu mfumo ukafanya kazi bila kasoro. Siku wanapoupandisha kwenye seva na kujaribu kuingia, wanajibiwa kwa mstari mmoja: no such table: auth_user. Jedwali la auth_user halipo. Wengi hushika kichwa wakidhani wameibiwa data.

Hawajaibiwa. Miaka yote niliyofundisha somo hili, sijaona hata mara moja jedwali lililochukuliwa na mwizi. Niliyoyaona ni majedwali ambayo hayakuwahi kujengwa, na mengine yaliyokuwa salama salimini mahali ambapo programu haikutazama. Kazi yetu humu ni kujua kutenganisha hayo mawili.

Mkulima wa chai atanielewa upesi. Ana namba yake, na kilo zake huandikwa chini ya namba hiyo kituoni anakouzia. Akibeba majani hadi kituo ambacho hakijasajili namba yake, karani hatamwambia kwamba shamba limepotea. Atamwambia tu kwamba humu hayumo. Kompyuta nayo husema vivyo hivyo. “Halipo” maana yake ni “halipo hapa nilipotazama”, na swali la kwanza ni: umetazama wapi?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa anayetumia SQLite, na wanaoanza wengi huitumia, kwa kuwa hifadhidata nzima ni faili moja tu isiyohitaji seva yake. SQLite ina ukarimu wa kutisha. Kwa kawaida ukiiomba ifungue faili isiyokuwepo, hailalamiki. Inakutengenezea mpya, tupu, na kukukabidhi. Ukiwa umeandika jina la faili peke yake, bila njia kamili ya folda, basi faili itakayofunguliwa hutegemea folda ambamo programu imeanzishwa. Nyumbani uliianzishia ndani ya folda ya mradi. Seva inaianzishia kwingine. Sasa una hifadhidata mbili zenye jina moja: moja ina wanachama wote wa chama, nyingine haina hata jedwali moja. Niliwahi kumaliza alasiri nzima nikikagua msimbo wa mwanafunzi mstari kwa mstari, mvua ikipiga mabati, ndipo tukagundua kuwa faili tuliyokuwa tukiihangaikia ilikuwa na ukubwa wa baiti sifuri. Tangu siku hiyo naanza na ukubwa wa faili.

Majedwali yasiyojengwa yana historia yake. Jina auth_user ni la Django, zana iliyoanza kuundwa mwaka 2003 katika gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, nchini Marekani, ikatolewa kwa umma 2005 na kupewa jina la mpiga gita Django Reinhardt. Zamani majedwali yake yalijengwa kwa amri ya syncdb, iliyoweza kujenga jedwali jipya lakini haikujua kulibadilisha lililokuwepo. Toleo la 1.7 la mwaka 2014 lilileta migresheni, kazi ya Andrew Godwin: kila badiliko huandikwa katika faili ya maagizo, na amri ya migrate huyatekeleza kwa zamu, ikiweka kumbukumbu katika jedwali la django_migrations. Ukipandisha msimbo kwenye seva hujapandisha majedwali. Amri hiyo lazima itolewe huko huko, na ndipo auth_user na ndugu zake watano watakapozaliwa.

Daftari hilo la kumbukumbu nalipenda kuliko kitu kingine chochote katika somo hili, kwa sababu linaweza kusema uongo. Mtu akitumia chaguo la --fake, linaandikwa kwamba kazi imefanyika ilhali hakuna kilichojengwa; baadaye migrate itakuambia hakuna cha kufanya, na jedwali bado halipo. Stima nayo ina mchango wake. Ikipotea katikati ya migresheni, hifadhidata za PostgreSQL na SQLite kwa kawaida hurudisha mambo yalivyokuwa. MySQL haiwezi kufanya hivyo kwa amri za kujenga majedwali, kwa hiyo unaweza kubaki na nusu ya majedwali na daftari lisilo na habari nayo. Ukirudia amri, inakataa kwa kuwa jedwali la kwanza tayari lipo.

Kasoro nyingine nitazipitia haraka. Kuna aliyeondoa django.contrib.auth kwenye orodha ya INSTALLED_APPS, na kuna aliyejiwekea jedwali lake mwenyewe kupitia AUTH_USER_MODEL, ambaye hana sababu ya kulitafuta auth_user. Kulijenga jedwali kwa mkono simshauri mtu, hata akiwa na haraka.

Na likiwa kweli limefutwa? Basi ni nakala ya akiba tu itakayokuokoa. Nywila zenyewe hazimo katika jedwali. Zimesagwa kama wimbi kinuni, na unga haurudi kuwa punje. Bila nakala, kila mtumiaji atasajiliwa upya kwa nywila mpya. Nakala hiyo ni data za watu, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 isisahaulike hata kama umeibeba kwenye flashi mfukoni.

Wasiotumia Django wasifunge kitabu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliowekwa Eldoret mwaka 2006 na ambao KenyaEMR imejengwa juu yake, una jedwali liitwalo users na daftari liitwalo liquibasechangelog. Majina ni mengine, maswali ni yale yale, ila hapo anayefungiwa mlango ni muuguzi mwenye mgonjwa mbele yake.

Sura ya kwanza inaanza kwa kufuta hifadhidata yako mwenyewe kwa makusudi. Weka nakala kwanza, na uhakikishe laptopu ina chaji.