Rehani ya Muflisi: Je, Kumwachia Mdai Shamba Kunafuta Deni?

  

Tumeulizwa na ndugu zetu wa Mnyambe, wilayani Newala, suali ambalo twaamini linawahusu wakulima wengi wa Newala na Masasi. Mtu alikopa fedha za salfa na za kupalilia, akaweka rehani mikorosho yake. Mavuno yakaharibika, madeni yakamzidi, akafilisika. Shamba sasa limechakaa na yeye halitaki tena. Je, akimwambia mdai, "Chukua shamba, tumemalizana," deni limefutika? Na mdai akilikalia shamba kwa kuwa muda umepita, limekuwa lake?

Masuali haya mawili yana jawabu moja: rehani si malipo ya deni. Rehani ni dhamana ya deni. Mwenye kulishika hili vizuri hatadhulumu wala hatadhulumiwa.

REHANI NI NINI?

Maulamaa wanasema rehani ni mali inayowekwa kuwa wathika wa deni, ili deni lilipwe kutokana na thamani yake pale mdaiwa atakaposhindwa. Uhalali wake umethibiti katika Suratul Baqara, aya ya 283, na katika kitendo cha Mtume (s.a.w.), ambaye alifariki na deraya yake iko rehani kwa Myahudi kwa pishi 30 za shayiri, kama alivyopokea Imam Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.).

Basi deni liko katika dhima ya mtu, na rehani ni mlinzi wake tu. Mlinzi akiondoka, deni haliondoki. Kwa ajili hiyo madhehebu ya Imam Shafii yanasema rehani ni amana mkononi mwa mdai: mikorosho ikiungua moto pasina uzembe wake, deni liko palepale. Imam Abu Hanifa anaona kuwa deni hupungua kwa kadiri ya thamani ya kilichopotea.

MDAI HAMILIKI KWA KUPITA MUDA

Zama za jahilia, muda ukifika na deni halijalipwa, mwenye kushika rehani aliichukua moja kwa moja. Uislamu ukaibatilisha ada hiyo. Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa rehani haimpotei mwenyewe, faida yake ni yake na hasara yake ni juu yake. Kwa hiyo sharti la "usipolipa hadi mwisho wa msimu, shamba ni langu" ni batili, hata likiandikwa na kushuhudiwa.

Na korosho zinazovunwa wakati shamba liko rehani ni za nani? Ni za mwenye shamba. Mdai akishurutisha kuwa atavuna mpaka alipwe, na deni libaki vilevile, hilo ni manufaa yanayovutwa na mkopo, nayo ni riba. Wapo waliompa mdai ruhusa ya kumpanda na kumkama mnyama aliyewekwa rehani kwa sababu yeye ndiye anayemlisha, lakini mti haukuingia katika ruhusa hiyo. Haki ni korosho hizo zihesabiwe na zikatwe katika deni. Huenda mtu akajiona anadaiwa bado, na kumbe amekwisha kulipa miaka miwili nyuma!

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Huko Zanzibar mashamba mengi ya mikarafuu yaliwekwa rehani kwa wakopeshaji. Wengine walitumia bei ya khiyari: shamba likauzwa kwa jina, mwenyewe akabaki humo akilipa kodi, na kodi ile ndiyo riba iliyovishwa nguo nyingine. Karafuu ilipoanguka bei, mambo yakawa mazito hata serikali ikatoa dikrii mwaka 1934 kuzuia ardhi isihamishwe bila idhini, na nyingine mwaka 1938 ya kusuluhisha madeni.

HUKUMU YA MUFLISI

Muflisi ni yule ambaye madeni yake yaliyofika muda yamezidi mali yake. Imepokewa na Daraqutni na Hakim kuwa Mtume (s.a.w.) alimzuilia Muadh bin Jabal (r.a.) mali yake, akaiuza kwa ajili ya madeni, na wapo waliosema isnadi yake ni mursal. Hukumu ya kumzuilia muflisi mali yake imeshikwa na jamhuri ya maulamaa. Abu Hanifa hakuiona, lakini wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, waliikubali.

Ama kisa kilicho karibu mno na wakulima wetu kimo katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Said (r.a.). Mtu alinunua matunda yakapatwa na maafa, madeni yakawa mengi. Mtume (s.a.w.) akawahimiza watu wamtolee sadaka. Ilipokuwa haikutosha, akawaambia wadai wachukue walichokipata na kwamba hawana zaidi ya hicho. Maafa ya mazao si kosa la mtu. Kusini kwetu tumeyaona: korosho ya Tanzania ilishuka kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 mwaka 1986/87, kwa watu kuhamishwa mbali na mashamba yao, kwa ubwiriunga na kwa bei mbaya.

NJIA ZA KULIONDOA SHAMBA

Ya kwanza ni kuliuza kwa bei ya soko, kwa idhini ya mdai. Mwenye rehani hulipwa kwanza, na kinachozidi huingia kwa wadai wengine. Kikipungua, hushirikiana nao kwa mafungu. Mfano: deni la mwenye rehani ni shilingi 4,000,000, na shamba limeuzwa 2,500,000. Anabaki akidai 1,500,000. Mwenye duka anadai 1,000,000 na jamaa 500,000. Mali nyingine ya muflisi imepata 600,000. Madai ni 3,000,000, basi kila mmoja anapata moja ya tano: 300,000, 200,000 na 100,000.

Ya pili ni sulhu: mdai alichukue shamba lenyewe badala ya deni, kwa ridhaa ya wote wawili, baada ya wajuzi waadilifu kulithamini. Likipungua thamani, baki ni deni ila akisamehe. Likizidi, arejeshe ziada. Na ikiwa wapo wadai wengine, wasipunjwe haki yao. Hapa ndipo kauli ya "tumemalizana" inapokuwa na maana, kwa sababu mdai ameikubali. Mdaiwa kuitamka peke yake hakufuti kitu.

Ya tatu, mdai mwenyewe aiachie rehani. Hiyo ni haki yake. Shamba hurudi kwa mwenyewe likiwa huru, naye mdai hujiunga na wadai wengine kwa deni lake zima.

Mwenye shamba akikataa kuuza, kadhi humlazimisha au huuza mwenyewe. Bara hatuna mahakama ya kadhi yenye nguvu ya dola, kwa hiyo masheikh husuluhisha tu, na asiyeridhika huenda mahakamani. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka idhini ya halmashauri ya kijiji kabla ya kuihamisha ardhi. Msiuziane vichochoroni.

DENI LILILOBAKI

Mahakama ya nchi yaweza kumwachilia muflisi, na mdai asiweze tena kumshitaki. Lakini mbele ya Allah dhima haisafiki ila kwa kulipa au kusamehewa. Na mdai naye asimsumbue masikini: aya ya 280 ya Suratul Baqara inaamrisha kumpa muhula mwenye dhiki, na kusamehe ni bora zaidi. Pia aya ya 60 ya Suratut Tauba imewataja wenye madeni katika wanaostahiki Zaka. Basi enyi wenye nisabu wa Newala na Masasi, kabla ya kuitafuta Zaka yenu njia ya mbali, mtazameni jirani aliyepoteza mikorosho yake.

Wallahu a'lam.