Kamera Iliyofuata Uhamisho

Filamu ya hali halisi haina waigizaji. Watu tunaowaona ni wenyewe na maneno ni yao. Mwongozaji basi anaongoza nini? Tuzifuate kazi za mwanzo za Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wa mwaka 1984, aliyesomea utabibu kabla ya kushika kamera.

Alianza na filamu fupi. Katika Dames en attente, aliyoitengeneza pamoja na Divita Wa Lusala, kina mama waliokwisha kujifungua wanazuiwa katika wodi ya uzazi ya Kinshasa mpaka walipe deni. Mwaka 2014 ikaja Examen d'État: wanafunzi wa Kisangani waliofukuzwa kwa kukosa ada wanapanga nyumba ili wajiandae pamoja kwa mtihani wa taifa. Hamna sauti ya msimulizi inayotufasiria mambo. Mtazamaji anasikia wanachosemezana wanafunzi, anaunganisha mwenyewe.

Maman Colonelle, ya mwaka 2017, inaanzia Bukavu. Honorine Munyole, mjane na afisa wa polisi aitwaye Mama Kanali, anaongoza kikosi cha kulinda watoto na kupambana na ukatili wa kingono. Katika mji wenye hospitali ya Panzi, inayotibu wanawake waliofanyiwa ukatili huo, kazi hiyo haihitaji kuelezwa. Mgeni mwenye kamera angeng'ang'ania hapo hapo Bukavu, kwa kuwa ndiyo habari ambayo dunia imezoea kuijia. Lakini Mama Kanali anapewa uhamisho kwenda Kisangani. Wanawake aliowahudumia wanamlilia, naye anafunga mizigo. Hamadi akafunga yake.

Huko Kisangani wanawake wanamletea Mama Kanali jambo lililo nje ya kazi yake. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huo, katika vita viitwavyo vya Siku Sita. Waliobaki wajane na walemavu wanataka fidia, yaani malipo ya madhara waliyotendewa. Polisi hana fidia ya kutoa. Mama Kanali, ndani ya sare yake, anasimama mbele ya wapita njia na kuwaomba mchango. Mwongozaji wa haraka angelikata tukio hilo. Hamadi analiacha liende, na sisi tunapata muda wa kuona ni mzigo wa nani uliomwangukia nani.

Hapo ndipo ninapoona jibu. Mwongozaji wa namna hii anaongoza uvumilivu wake mwenyewe: anakubali mtu anayemfuata ampeleke asikopanga, na swali lililobaki bila jibu halitupi. Ni nidhamu ngumu kuliko ufundi wa picha. Swali la fidia lilizaa En route pour le milliard, iliyoteuliwa na tamasha la Cannes mwaka 2020: majeruhi wa Siku Sita, baadhi wakitembelea magongo, wanasafiri kwa boti katika mto Kongo wakadai haki yao Kinshasa. Bungeni walizuiwa kuingia. Kamera ilibaki nao nje.