Wataalamu na Dola (2): Uwele wa Kilimatinde Mbele ya Kofi Annan

Wiki iliyopita tulieleza akademia ya sayansi ni nini: baraza la wanasayansi waliochaguliwa na wenzao kwa kazi zao, lisilo idara ya serikali. Leo tuone linavyoshauri.

Kilimatinde iko ukingoni mwa Bonde la Ufa, juu ya nyanda za Bahi. Mvua za huku huanza Desemba na kuishia Aprili, na mara nyingine hukatika Februari, kabla nafaka haijakomaa. Hapo mahindi hujikunja majani jua likiwa bado la asubuhi. Uwele jirani yake huvumilia. Mkulima wa Kigogo anayepanda mtama na uwele, kisha akawaachia ng'ombe mabua baada ya mavuno, ana hesabu yake.

Hesabu hiyo ilifika mbali. Mwaka 2002 Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliliomba baraza la pamoja la akademia za dunia limweleze jinsi sayansi itakavyoiongezea Afrika mavuno. Jopo likaundwa, miongoni mwa wenyeviti wake akiwamo Dk. Speciosa Kazibwe wa Uganda, likafanya warsha humu humu barani. Vinywani mwa wengi mfano ulikuwa Mapinduzi ya Kijani ya Asia. Ripoti ya 2004 ilisema wazi kuwa mfano huo haunakiliki: Asia ilitegemea mpunga na ngano za umwagiliaji, ilhali kilimo cha Afrika hutegemea zaidi mvua na kina mifumo mingi. Jopo likashauri mageuzi mengi, yenye rangi za upinde wa mvua.

Jibu la namna hiyo ni gumu kulitoa kwa mtu ambaye mkate wako uko mkononi mwake. Ndiyo maana wajumbe wa majopo haya kwa kawaida hujitolea, hutaja maslahi yao mapema, na rasimu yao hukaguliwa na wataalamu wa nje kabla ya kuchapishwa. Kazi hiyo inachosha na inakula muda, lakini bila hiyo ushauri ni maoni tu.

Kenya ina akademia tangu 1983, Uganda tangu 2000, na Tanzania inayo yake. Mtandao wa akademia za Afrika, NASAC, ulianzishwa 2001 na makao yake yako Nairobi. Wasomi tunao. Ninachokililia ni serikali zetu kuwauliza mapema, kabla bajeti ya mbegu haijapitishwa, maana Desemba mkulima wa Kilimatinde atakuwa amekwisha kushika jembe.