Upepo Unaopepeta Galaksi

Kila ninapoandika kuhusu galaksi zinazopoteza gesi, hurudi maswali yaleyale matatu. Kama anga za juu ni tupu, upepo unatoka wapi? Si shimo jeusi ndilo linaloimeza hiyo gesi? Na la tatu, linalonikera: je, nyota ya mtu nayo inaweza kupeperushwa hivyo mpaka akakosa bahati?

Nianze na la kwanza, maana jibu lake liliondokea karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ndogo ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimikwa baharini nje kidogo ya pwani ya Kenya. Kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka angani. Ilipoelekezwa kwenye makundi makubwa ya galaksi, kama Coma na Perseus, ilikuta eksirei hazitoki kwenye galaksi mojamoja tu, bali zimetapakaa katika nafasi kubwa iliyo baina yake. Vipimo vya miaka iliyofuata vikathibitisha kilichokuwamo: gesi yenye joto la nyuzi milioni 10 hadi milioni 100. Ukiipima yote, inazizidi uzito nyota zote za galaksi zilizomo.

Kwa hiyo hapana, si patupu. Ni pepesi tu, pepesi kupita kiasi: chembe kama 1,000 hivi katika mita moja ya ujazo. Hewa unayovuta sasa hivi ina mabilioni ya mabilioni katika nafasi ya kidole gumba.

Gesi nyepesi namna hiyo inawezaje kuwa upepo? Panda bodaboda saa nane mchana, majani hayatikisiki, hewa imetulia kabisa. Pikipiki ikichanganya mwendo, upepo unakupiga kifuani na kanga ya mama aliyepakiwa nyuma inapepea. Upepo ule ameuleta dereva kwa mwendo wake. Galaksi inayoanguka kuelekea katikati ya kundi, ikivutwa na uzito wa kundi zima, hufanya vivyo hivyo. Ile iitwayo ESO 137-001, katika kundi la Norma lililo umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 220, inakwenda kilomita kama 2,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ingeisha kabla hujamaliza kusema bismillah.

Na hapa ndipo pananivutia zaidi. Msukumo wa upepo huu ni msongamano wa gesi ukizidishwa kwa mwendo, kisha ukazidishwa kwa mwendo mara ya pili. Galaksi ikiongeza mwendo mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Ikiongeza mara tatu, mara tisa. Wanafalaki James Gunn na Richard Gott waliliandika hilo mwaka 1972, habari za eksirei za Coma zikiwa bado mbichi, na wakalipambanisha na nguvu ya upande wa pili, yaani mvutano wa galaksi unaoing'ang'ania gesi yake. Pembezoni mng'ang'anio huo ni dhaifu, kwa hiyo gesi ya pembezoni hung'oka kwanza. Kadiri galaksi inavyozama kwenye gesi nzito ya katikati ya kundi, mpaka wa gesi yake unarudi ndani, na ndani zaidi, kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Nyota je? Zinabaki. Mwangalie mtu anayepepeta mchele: makapi yanaruka, punje zinarudi kwenye ungo. Gesi ya galaksi imetandazika kwa upana wa miaka mingi ya nuru, ina eneo kubwa la kupigwa na uzito mdogo wa kukaidi. Nyota ni uzito mkubwa mno uliofungwa katika kitone, na upepo unaipita pembeni bila kuisogeza. Ndiyo maana ESO 137-001 bado ina umbo lake la mizunguko, huku nyuma yake ukiburutika mkia wa gesi wa miaka ya nuru 260,000 hivi. Wanafalaki huziita galaksi za namna hii galaksi za yavuyavu, kwa kufanana na yule kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha. Ndani ya mikia hiyo huzaliwa nyota changa za buluu, nje kabisa ya galaksi mama. Galaksi yenyewe, ikiisha kupepetwa, haina tena malighafi ya kuzaa. Nyota za buluu hufa mapema, zikabaki nyekundu za kizee.

Shimo jeusi halihusiki na wizi huu. Lingekuwa ndilo linalovuta, gesi ingeanza kupungua katikati, na mkia usingeelekea nje. Mwaka 2017 kikundi cha mwanafalaki Bianca Poggianti wa Padova, Italia, kilichunguza galaksi saba zenye mikia mirefu kikakuta sita kati yake zina shimo jeusi linalokula kwa pupa. Inaelekea upepo husukuma sehemu ya gesi hadi katikati. Shimo linalishwa na upepo.

La tatu nitalijibu kwa ufupi. Mtu anayekuambia nyota yako imechafuka na anaweza kuisafisha kwa kuku mweusi na laki mbili ni mwizi. Hakuna nyota angani iliyoandikwa jina lako. Laki mbili hizo zilipe ada ya mtoto.

Ukitaka kuona kitu cha kweli, toka nje ya mji mwishoni mwa Januari, saa tatu usiku, mwezi usiwepo. Tazama kusini, nyoosha mkono, hesabu ngumi tatu juu ya upeo ukiwa Dar es Salaam, au mbili ukiwa Nairobi. Utaona ukungu hafifu usiosogea kama mawingu ya mvua. Ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo inayopita katika gesi ya moto iliyoizunguka galaksi yetu. Kwenye ubavu wake wa mbele, unaopokea upepo, gesi inaishia kabla ya nyota kuisha.