Futura: duara linalodanganya jicho

Itazame O kubwa ya fonti ya Futura, nawe utaapa kwamba imetoka moja kwa moja kwenye bikari. Sivyo. Mstari wake umekondeshwa kidogo juu na chini, kwa sababu jicho la binadamu huuona mstari uliolala kuwa mnene kuliko uliosimama, hata kama vipimo vyake ni sawa. Duara lenye unene mmoja kila upande lingeonekana limevimba juu na chini.

Fonti hii ilibuniwa na Mjerumani Paul Renner, na kiwanda cha herufi cha Bauer cha Frankfurt kikaitoa mwaka 1927, enzi ambazo herufi bado zilikuwa vipande vya madini ya risasi. Wakati huo vitabu vingi vya Kijerumani vilichapwa kwa herufi za Kigothi, zenye mikunjo na ncha kali. Renner alivua mapambo yote, akabaki na duara, pembetatu na mstari ulionyooka. Mwanzoni alipitiliza: r yake ndogo ilikuwa kijiti chenye nukta pembeni. Hatimaye maumbo ya aina hiyo yaliachwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo fonti ilipopata uhai.

Ustadi wenyewe umefichika. Chunguza b au d, pale tumbo linapoungana na mguu: mstari umepunguzwa, la sivyo pangekuwa na doa jeusi. Ncha ya A hupita juu kidogo ya herufi jirani, na O huzama kidogo chini ya mstari zinaposimama nyingine. Bila hivyo zingeonekana fupi. Hesabu imepindishwa makusudi ili jicho lione usawa.

Volkswagen waliitumia katika matangazo yao maarufu ya miaka ya 1960 huko Marekani, na IKEA waliitumia hadi mwaka 2009. Kibao cha chuma kilichoachwa mwezini na Apollo 11 mwaka 1969 kimeandikwa kwa herufi kubwa za Futura.

Hata hivyo ina udhaifu ambao msomaji wa Kiswahili atauhisi upesi. a yake ndogo ni duara lililoegemea kijiti, na kwa mbali hufanana na o. Kiswahili kimejaa a. Andika "kaa" na "koo" kwa maandishi madogo uone zinavyokaribiana. Andika pia "Ilala": I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili, na kinachozitofautisha ni kwamba l imerefushwa kidogo kuliko I.

Kwa hiyo Futura ni ya vichwa vya habari, mabango na majina makubwa. Kwa kitabu cha kurasa mia tatu, tafuta fonti nyingine. Na wewe unayeagiza bango, usiidhinishe kazi kwenye kioo cha kompyuta peke yake: lichapishe, libandike ukutani, kisha lisome kutoka ng'ambo ya barabara.